Kioo cha Mwalimu na majina ya darasa la tano

Kuna watu walivuka ziwa na sufuria. Wengine walivuka na godoro, wengine na mtoto mgongoni tu, basi. Mwalimu wetu alivuka na kompyuta.

Aliponiambia mara ya kwanza nilicheka. Mimi nimezaliwa hapa Nyarugusu, nimesoma hapa hapa mpaka nikamaliza sekondari, na sasa nafanya kazi na vijana kwenye kituo. Kompyuta ya kwanza niliyoigusa nilikuwa na miaka kumi na sita, na tulikuwa tunaigombania watu kumi. Sasa mtu aniambie kwamba mwaka 1996, vita imeingia Uvira, watu wa Fizi wanakimbilia mitumbwi waje Kigoma, na mzee mmoja ana kompyuta ndani ya mfuko wa unga? Mwalimu hakucheka. Alisema, "Binti yangu, njoo Jumamosi. Uje na yule fundi wako wa simu."

Tukaenda. Akaitoa chini ya kitanda, imefungwa kwenye kitenge, halafu nailoni, halafu kitenge kingine. Ni kitu bapa, ukubwa wake kama daftari kubwa, rangi ya maziwa yaliyozeeka. Vibonye kamili kama vya taipureta, na juu yake kioo kirefu chembamba, rangi ya majani makavu. Iliandikwa TRS-80 Model 100. Fundi akaigeuza, akatafuta mahali pa chaja, akaona nafasi ya betri nne ndogo kama za rimoti. Akasema, "Hii ni rimoti ya nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari zake, na ndiyo maana naandika makala hii kwenye jarida letu. Historia yetu huwa tunaiandika kwa vita na tarehe za kukimbia. Safari hii naomba niiandike kwa kioo.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1888, mtaalamu wa mimea anaitwa Friedrich Reinitzer alikuwa Prague akichunguza dutu inayotokana na kolesteroli ya karoti. Akaipasha moto. Ilipofika nyuzi 145 hivi ikayeyuka, lakini ikawa uji wenye ukungu. Akaendelea kuipasha. Kwenye nyuzi 178 hivi ule ukungu ukapotea, ikawa maji safi kabisa. Yaani kitu kimoja kina kuyeyuka mara mbili! Akamwandikia mtaalamu wa fuwele, Otto Lehmann, naye akaiangalia kwa hadubini. Waligundua hali iliyo kati ya kitu kigumu na kimiminika: inatiririka kama maji, lakini chembe zake zimejipanga kama askari kwenye gwaride. Wakaiita fuwele za kimiminika.

Kwa muda wa miaka themanini karibu hakuna aliyejua ni za kazi gani. Mwaka 1968, Marekani, kampuni ya RCA ikatangaza vioo vya kuonyesha vilivyotokana na kazi ya George Heilmeier na wenzake. Miaka miwili baadaye, Uswisi, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich wakapata njia bora zaidi, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye saa za mkononi na vikokotoo vya miaka ya sabini. Ukimwona mzee ana saa ya namba nyeusi kwenye kioo cha kijivu, ni wajukuu wa zile karoti.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Kuna vipande viwili vya kioo, na kati yake wamefungia tabaka jembamba sana la zile fuwele. Nje ya kila kioo wamebandika karatasi ya plastiki inayochuja mwanga, moja imelazwa hivi, nyingine imepishana nayo. Kwa kawaida mwanga ukipita ya kwanza ungezuiwa na ya pili. Lakini fuwele zimejisokota robo mzunguko, kama ngazi ya kuzunguka, na mwanga unafuata msokoto huo unapita. Ukitia umeme kidogo, fuwele zinanyooka, msokoto unapotea, mwanga unakwama, na pale panakuwa peusi. Hiyo nukta nyeusi ndiyo herufi. Kioo chenyewe hakitoi mwanga hata kidogo. Kinatumia wa jua au wa taa iliyo chumbani.

Kwa sababu hiyo kinakula umeme mdogo mno. Mwaka 1981 huko Marekani waliuza kompyuta ya kubeba iitwayo Osborne 1. Ilikuwa na kioo cha mtindo wa televisheni, uzito wa kilo 11 hivi, na bila umeme wa ukutani haiwaki. Kubeba gani huko? Epson ya Japani ikaleta HX-20 yenye kioo cha fuwele, mistari 4 ya herufi 20. Halafu mwaka 1983 ikaja hii ya Mwalimu. Kyocera ya Japani ndio waliitengeneza, Tandy ya Marekani wakaiuza kwenye maduka yao ya Radio Shack. Programu zake ziliandikwa na Microsoft, na Bill Gates mwenyewe alitia mkono. Kioo chake kina nukta 240 kwa 64, yaani mistari 8 ya herufi 40. Kwa betri nne ndogo inafanya kazi saa 20 hivi. Waandishi wa habari waliipenda sana, maana uliweza kuandika habari popote, ukaituma kwa waya wa simu.

Mtu aliyekaa kambini anaelewa haraka zaidi ya mtu wa mjini maana ya kompyuta isiyohitaji umeme wa ukutani.

Mwalimu aliipata Baraka. Kulikuwa na mgeni aliyefanya kazi za kilimo upande ule, na alipoondoka alimwachia. Mwalimu akajifunza mwenyewe, kidole kimoja kimoja, mpaka akawa anaandika barua za shule na orodha za wanafunzi. Betri zilikuwa taabu, na mashine hii ina tabia moja mbaya: kumbukumbu yake inaishi kwa umeme. Betri zikiisha, kuna kibetri cha ndani kinachoishikilia kwa siku kadhaa, basi, baada ya hapo kila kitu kinafutika. Kwa hiyo mgeni alimwonyesha namna ya kuhifadhi maandishi kwenye kanda ya kaseti, kwa redio ya kawaida. Mashine inageuza herufi kuwa milio, redio inarekodi milio.

Mwalimu akatoa na kanda yenyewe. Ilikuwa ya kwaya. Kwenye karatasi yake ameandika kwa kalamu ya bluu: "Upande wa B, mwisho. Madarasa yote 1995–96."

Nikamuuliza, "Mwalimu, mbona miaka yote hii hukusema?"

Akasema, "Nilisema. Mwaka 1997 nilimpa fundi redio, akaniambia kioo kimekufa, nitupe. Sikutupa. Baadaye watu wakaanza kunicheka, nikanyamaza."

Sasa nieleze kwa nini mimi jambo hili liliniuma. Mama yangu alikuwa na kaka yake mdogo, alisoma shule ile, darasa la tano. Siku ya kukimbia alitangulia na majirani kuelekea ziwani na hakuonekana tena. Hana picha. Hana cheti cha kuzaliwa. Kwenye karatasi za familia tulizoandikisha hapa hayumo, kwa sababu wanaandikwa waliofika. Bibi alipofariki, mtu pekee anayeweza kusema kijana yule aliishi ni mama. Mimi nimekua nasikia jina lake, lakini sikuwahi kuliona limeandikwa mahali.

Basi tukaanza kazi.

Fundi aliweka betri nne mpya, akawasha. Kioo kimya. Akazungusha kile kigurudumu cha pembeni cha kukoleza maandishi, kimya. Lakini kwenye simu nilikuwa nimepata kitabu cha mafundi cha mashine hii, na nilisoma kwamba ikiwaka mshale huwa unasimama kwenye BASIC. Kwa hiyo tukaiwasha upya kwa kushika CTRL na BREAK, tukabonyeza ENTER, halafu tukaandika BEEP gizani, kama mtu anayeandika amefumba macho, tukabonyeza ENTER tena. Ikalia: piii! Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ndoo, akasimama. Kumbe mashine nzima. Kilichokufa ni kuona kwake tu.

Tukafungua skrubu nne za chini. Harufu ikatupiga, kama dagaa waliokaa. Fundi akasema hiyo ni kapasita, zimevuja. Kapasita za zamani zina maji ya kemikali ndani, na yakivuja yanakula shaba ya bodi. Kile kibetri cha ndani nacho kilikuwa kimetoa unga wa kijani. Kioo cha fuwele kwenye mashine hii kinataka pia umeme wa upande wa hasi, na sehemu inayoutengeneza ndiyo iliyokuwa imeoza. Tukasafisha kwa siki kidogo kwanza, halafu spiriti na mswaki wa zamani. Fundi akang'oa kapasita mbovu, akachukua nyingine kutoka bodi za redio zilizokufa, kila moja akaipima kwanza, akalehemu. Waya mmoja wa bodi ulikuwa umelika kabisa, akaurukia kwa uzi wa waya wa simu. Kibetri tulikiacha nje.

Tukawasha. Kioo kikaonyesha! Lakini kikaonyesha kama mtu anayekuangalia kupitia ua wa mabua: mistari ya wima inakosekana kila mahali, na pembe ya chini kulia hakuna kitu kabisa.

Hapa ndipo nilipojifunza habari ya mpira wa pundamilia. Kioo hakijalehemiwa kwenye bodi, maana huwezi kulehemu kioo. Kati yao kuna utepe wa mpira wenye tabaka nyembamba sana, moja inapitisha umeme, inayofuata haipitishi, nyeusi na nyeupe, nyeusi na nyeupe, kama pundamilia. Fremu ya chuma inaubana kwa nguvu ili kila mstari uguse mahali pake. Ukiingia uchafu au unyevu kwa miaka ishirini na kitu, mistari inapotea.

Fremu inashikwa na vijimeno vya chuma vilivyosokotwa. Unavinyoosha kwa koleo, polepole. Nilitaka kufanya mwenyewe. Fundi aliniambia nisiguse mpira kwa vidole, nikasema sawa, halafu nikaugusa. Tulipofunga, mistari iliyopotea ikawa mingi kuliko mwanzo. Ikabidi kufungua tena, na safari hii jino moja likakatika mkononi mwangu. Nilitaka kulia. Kama kioo kingepasuka, ndio mwisho, hakuna duka Kasulu wala Kigoma utakayokwenda kuuliza kioo cha mwaka 1983. Mwalimu aliona uso wangu akasema, "Binti, jino si kichwa. Endelea." Tukasafisha utepe kwa spiriti, na zile njia za bodi pia, tukaurudisha kwa kibano, na mahali pa jino lililokatika fundi akafunga waya mwembamba akaukaza.

Tukawasha. Ua wa mabua umeondoka. Juu kabisa mashine iliandika tarehe: mwaka 1900. Kwake yeye hata ndege hazijaanza kuruka. Chini yake majina ya programu, safi, nyeusi. Faili za Mwalimu hakuna hata moja, kama tulivyotegemea. Kumbukumbu ilishafutika zamani sana, labda kabla hajafika Kasulu.

Ile pembe ya chini kulia haikurudi. Nyuma ya kioo kuna vichipu kumi, kila kimoja kinasimamia kipande chake, vitano nusu ya juu na vitano nusu ya chini. Hicho kimoja kimekufa na hatuna kingine. Tukakubaliana: tutasoma mistari minne ya juu tu, tukimaliza tunasogeza maandishi yapande.

Kabla ya kanda, kikatokea kisa kimoja. Fundi aliiweka mashine juani ili kioo kisomeke vizuri, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi kioo chote kilikuwa cheusi tii. Mwalimu akashika kichwa. Mimi nikakumbuka Reinitzer na uji wake wa karoti: ukizidisha joto, fuwele zinaacha gwaride, zinakuwa maji tu. Msokoto ukipotea, mwanga haupiti, kioo kizima kinakuwa kama kimetiwa umeme. Tukaipeleka kivulini. Baada ya dakika chache weusi ukaanza kufifia kutoka pembeni, na maandishi yakarudi. Sijawahi kufurahi hivyo kwa jambo nililosoma kwenye simu.

Redio ya kaseti tuliazima kwa mama mmoja wa kwaya. Waya wake ulikuwa kwenye ule mfuko wa unga, Mwalimu hakutupa chochote. Tukasafisha kichwa cha redio, tukapeleka kanda mbele upande wa B. Kwaya ikaimba mpaka ikaisha, na baada yake kikaanza kile kilio cha mashine, kama nzi ndani ya kopo. Vijana wa kituo walikuwa wameshajaa mlangoni wanacheka.

Mara ya kwanza ikakataa katikati. Mashine hii inapokea maandishi kwa mafungu na kulikagua kila fungu. Fungu moja likiwa na kosa, inaacha yote. Tukapunguza sauti, ikakataa. Tukaongeza, ikakataa. Fundi akasema kanda imekunjamana, akaipeleka mbele yote na kuirudisha nyuma yote mara mbili ili ijinyooshe. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua linaondoka, na kioo hiki bila mwanga wa nje hakisomeki. Mmoja wa vijana akawasha tochi ya simu akaishika juu ya vichwa vyetu.

Mara ya sita, faili ya darasa la tano ikaingia.

Mwalimu alikataa mtu mwingine asisome. Alivaa miwani, akawa anasogeza mstari kwa mstari, anasoma kwa sauti ya kuita mahudhurio: jina, jina la baba, kijiji. Mara ya kwanza watu walinyamaza tu. Halafu jina la nane au la tisa, mwanaume mmoja mlangoni akajibu, "Niko, Mwalimu." Ana wajukuu sasa. Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu majina yaliyofuata hayakujibiwa.

Mjomba wangu alikuwa wa ishirini na sita. Jina lake sitaliandika hapa, mama hajaniruhusu. Mbele yake Mwalimu alikuwa ameongeza maneno mawili: "ada nusu." Yaani alikuwa anadaiwa nusu ya ada ya shule. Nilipomwambia mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ni kweli. Baba alikuwa anangoja kuuza mihogo." Ndiyo kitu cha kwanza kipya nilichowahi kujua kuhusu mjomba ambacho hakikutoka kwa mama mwenyewe. Sasa tuko mashahidi wawili, yeye na ile kanda.

Darasa la sita liliingia kesho yake. Madarasa mengine manne yamekataa mpaka leo, na tunaendelea kujaribu. Majina yote yaliyopatikana, 71, nimeyanakili kwa mkono kwenye kaunta buku mbili: moja iko kwa Mwalimu, moja kituoni. Tumepiga na picha. Mashine ya mwaka 1983, kanda ya kwaya, simu na kalamu; hatuamini kimoja peke yake tena.

Kuna wanaoniuliza faida yake nini. Karatasi hizi hazitamrudisha mtu, na sidhani kama ofisi yoyote itazipokea kama ushahidi. Ninachojua ni kwamba baada ya Jumamosi ile watu kumi na wanne wamekuja kituoni kuomba kuona jina. Wengine ni jina lao wenyewe. Wanaliangalia, wanaliweka kidole, wanaondoka.

Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kanda ya kaseti, daftari la shule, redio mbovu, chochote kilichovuka ziwa mkaambiwa mtupe, msitupe kwanza. Tuko kituoni kila Jumamosi asubuhi. Kama ni kifaa cha betri, toeni betri kabla ya kukiweka. Kama kina kioo, kikae kivulini. Na kama ulisoma darasa la nne pale kwa Mwalimu mwaka 1995–96, njoo hata bila kitu. Kanda ya darasa la nne inakataa kuingia, na Mwalimu anasema majina kumi na moja bado anayakumbuka kichwani. Anataka mtu wa kumsaidia na mengine.